Baiskeli ya masafa marefu: anza kuijenga kwenye gurudumu la nyuma

Mtu akiamua kujenga baiskeli ya safari ndefu, macho humwenda kwanza kwenye fremu. Ndiyo yenye rangi na jina. Kisha ananunua gia, usukani na kiti, na mfuko ukiwa umeshatoboka ndipo anakumbuka magurudumu, anachukua yaliyosukwa tayari na mashine, ya bei ya chini. Na mimi nilifanya hivyohivyo. Siku ya nne ya safari, nikipanda mlima kwa gia ndogo kabisa, nikasikia "ting!", na ringi ikaanza kugusa breki kila inapozunguka. Spoki ya nyuma, upande wa cheni. Nilikuwa na spoki za akiba, lakini zote za urefu mmoja, na ni urefu wa upande wa pili. Hata zingekuwa sahihi zisingenisaidia: spoki ya upande wa cheni haipiti mpaka kaseti, yaani lile fungu la meno ya gia la nyuma, iondolewe, na kifaa cha kuifungulia nilikiacha nyumbani ili nipunguze uzito. Nikalegeza breki ya nyuma nikaendelea polepole. Kabla jua halijazama zilikuwa zimekatika nyingine mbili.

Tangu siku hiyo naanza na gurudumu la nyuma, na vingine vyote vinalifuata. Mwongozo huu umepangwa hivyo.

Hatua ya 1: Pima uzito

"Masafa marefu" ni jina moja linalobeba baiskeli mbili tofauti. Kuna ya kushindana na saa: safari ya Paris–Brest–Paris ya Ufaransa, kwa mfano, iliyoanza mwaka 1891, ni takriban kilomita 1,200, na mshiriki hupewa muda usiozidi saa 90. Huko unabeba koti la mvua, taa na chakula cha mfukoni. Na kuna ya kuhamia barabarani, yenye hema, jiko, nguo na lita kadhaa za maji, kwa wiki au miezi. Ninazungumzia zaidi hii ya pili, maana ndiyo inayovunja vitu.

Panda kwenye mizani mikono mitupu, kisha panda tena na mzigo wote, maji yakiwemo. Mtu wa kilo 75 mwenye mzigo wa kilo 25 kwenye baiskeli ya kilo 15 anatembeza kilo 115, na mzigo ukiwa wote nyuma, karibu theluthi mbili ya uzito huo inakaa juu ya gurudumu moja. Iandike hiyo namba. Utairudia utakapochagua ringi, tairi na breki, na itakuzuia kudanganywa na sifa za vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya mwanariadha asiyebeba hata soksi.

Hatua ya 2: Chagua kipimo cha gurudumu

Usiamini inchi. Maneno "inchi 28" yamebandikwa kwenye matairi yasiyoingiliana hata kidogo. Angalia namba mbili zilizochongwa ubavuni mwa tairi, mfano 40-622. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha sehemu ya ringi ambapo ukingo wa tairi unakaa. Hiyo ya pili ndiyo inayoamua kila kitu.

622 ndiyo inayoitwa pia 700C, na baiskeli za milimani za "inchi 29" hutumia hiyohiyo. 584 ni 650B, au "inchi 27.5". 559 ni "inchi 26" ya baiskeli za milimani za zamani. 635 ni "inchi 28" ya zile baiskeli nzito nyeusi za breki za fimbo. Kati ya 622 na 635 kuna milimita 13 tu, zinazotosha kulifanya tairi lichomoke ukiwa kwenye mteremko. Hata "26 × 1 3/8" ni 590 na haiingii kwenye ringi ya 559, ingawa zote mtu atakuuzia kama "ishirini na sita".

Kama njia yako iko karibu na miji yenye maduka ya baiskeli, chukua 622: matairi ni mengi na gurudumu kubwa hupita juu ya mashimo vizuri zaidi. Kama utapita vijijini kwa wiki nyingi, tafuta kwanza matairi gani huning'inizwa kwenye vibanda vya mafundi wa huko, maana 559 bado inapatikana mahali pengi ambapo 622 pana haijafika. Gurudumu dogo pia lina spoki fupi na ringi fupi, kwa hiyo ni gumu zaidi kupinda. Mtu mfupi asidharau 559 au 584, kwani kwenye fremu ndogo gurudumu la 622 hugongana na ncha ya kiatu wakati wa kukata kona.

Hatua ya 3: Jenga gurudumu la nyuma

Hapa tukae kidogo.

Tairi la 40-622 lina mzingo wa karibu mita 2.2. Maana yake kila kilomita gurudumu linazunguka mara 455, na kila mzunguko kila spoki hupoteza sehemu ya mkazo wake inapopita chini kwenye barabara, kisha huurudisha. Kilomita 1,000 ni zaidi ya mara laki nne na nusu. Spoki haikatiki kwa kuzidiwa siku moja. Inachoka kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa, na inachokea kwenye kiwiko, pale inapopinda kuingia kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Iliyolegea huchoka haraka zaidi kuliko iliyokazwa vizuri, kwa sababu inapopita chini mkazo wake unaisha kabisa na kiwiko kinaanza kucheza ndani ya tundu lake. Ndiyo maana gurudumu la bei ya chini huvunja spoki mfululizo hata kama spoki zenyewe ni nzuri: mashine ilizikaza kidogo mno, na bila usawa.

*Idadi.* Nyuma weka 36. Thelathini na mbili zinatosha kwa mtu mwepesi mwenye mzigo mdogo, au kwa gurudumu la 559. Mbele 32 zinatosha, lakini mimi huweka 36 pande zote ili ringi iwe ya aina moja. Magurudumu ya spoki 20 au 24 yana sura ya kupendeza, ila ikikatika moja tu hutarudi nyumbani ukiendesha.

*Spoki.* Chukua za chuma cha pua zilizo nene kwenye ncha na nyembamba katikati: milimita 2.0, kisha 1.8, kisha 2.0. Watu hushangaa kuambiwa kwamba spoki iliyopunguzwa katikati hudumu zaidi. Sababu ni kwamba sehemu nyembamba huvutika kidogo na kumeza mshtuko ambao vinginevyo ungefika kwenye kiwiko. Nipeli, zile nati ndogo zinazofunga spoki kwenye ringi, ziwe za shaba ya njano. Za alumini huokoa gramu chache, kisha huganda na kupasuka unapozigeuza.

*Ringi.* Iwe ya kuta mbili, yaani ukiikata utaona chumba katikati, na matundu yake yawe yameimarishwa. Upana wa ndani wa milimita 19 hadi 25 unafaa matairi tutakayozungumzia. Kama utatumia breki za kubana ringi, tafuta yenye kialama cha kuchakaa, kijitundu au mfereji mdogo ubavuni ambao ukifutika ringi imekwisha.

*Habu.* Za nyuma zina upana tofauti: milimita 130 kwa baiskeli nyingi za mbio, 135 kwa za milimani na za safari, na 142 kwa zenye ekseli nene ya kupenya ya milimita 12. Lazima ulingane na fremu, kwa hiyo ukiamua habu umeshaanza kuamua fremu. Kwa safari ndefu napenda habu ya gololi na koni. Wengi watabisha, na beringi zilizofungwa ni nzuri kweli. Lakini ya gololi naifungua kwa spana mbili nyembamba za koni, naosha, napaka grisi, naweka gololi mpya 9 kila upande za robo inchi, nafunga. Beringi iliyofungwa ikifa inahitaji kugongwa itoke, na uwe na nyingine ya namba ileile.

Epuka friwili ya kujifunga kwa nyuzi kwenye habu kama mzigo ni mzito na meno ni safu saba. Beringi ya upande wa cheni inakaa mbali na fremu, ekseli inabaki ikining'inia, na huvunjika. Habu ya kaseti inaweka beringi karibu na ukingo.

*Kusuka.* Kila spoki ikatize nyingine tatu kabla ya kufika kwenye ringi. Spoki zikiwa ndefu mno kwa milimita mbili tatu nipeli huishiwa nyuzi, zikiwa fupi kichwa cha nipeli hukatika, kwa hiyo usikisie urefu. Mpe fundi habu na ringi yenyewe mkononi apime. Upande wa cheni na upande wa pili wa gurudumu la nyuma havina urefu sawa, ndipo nilipokosea mimi.

Ukishapokea gurudumu, au ukishasuka mwenyewe, lifanyie majaribio matatu. La kwanza: zipige spoki za upande mmoja kwa ukucha moja moja ukisikiliza. Sauti zikaribiane, na itakayosikika nzito kuliko jirani zake imelegea. Usilinganishe upande na upande, kwani wa cheni nyuma lazima ulie kwa sauti ya juu zaidi. La pili: vaa glovu, shika spoki mbili mbili zinazoenda sambamba uzibane kwa nguvu kuzunguka gurudumu zima. Ukisikia vimlio vidogo, spoki zilikuwa zimejisokota wakati wa kukazwa na sasa zinajinyoosha. Nyoosha ringi tena, rudia mpaka ikae kimya. La tatu ni la kuangalia kama ringi iko katikati: weka gurudumu kwenye fremu, tazama nafasi kati ya ringi na bomba kila upande, kisha ligeuze kulia kuwa kushoto ulirudishe. Ringi ikikaa palepale, iko katikati.

Gurudumu la mbele halina kaseti, spoki zake zina mkazo sawa pande zote isipokuwa habu ikiwa ya breki ya diski, na halibebi sana. Likisukwa kwa uangalifu uleule utalisahau. Kama unataka umeme wa taa, ni hapa unaweka habu ya dainamo, kwa kawaida volti 6 na wati 3.

Hatua ya 4: Tairi, tyubu na valvu

Upana wa 40 hadi 50 kwa barabara mchanganyiko, 32 hadi 37 kwa lami tupu. Wasafiri wapya hununua tairi jembamba wakidhani ni jepesi kuendesha, kisha wanalijaza upepo hadi liwe jiwe, na kila tuta linaenda moja kwa moja kwenye spoki na mifupa. Kiwango kilichoandikwa ubavuni ni kikomo cha juu, hakuna anayekulazimisha kukifikia.

Akiba chukua tairi moja la kukunjika hata kama unayotumia yana waya. Beba pia kipande cha tairi kuukuu urefu wa kidole, cha kuweka kwa ndani jiwe likipasua ubavu. Kiraka cha tyubu hakisaidii tundu la tairi, kwani tyubu itachungulia nje na kupasuka.

Valvu nene ya Schrader, sawa na ya gari, inajazwa kwenye kituo chochote cha mafuta. Inahitaji tundu la milimita 8.5 kwenye ringi, na valvu nyembamba ya Presta inapita kwenye 6.5. Ringi yenye tundu kubwa hukubali zote mbili ukiweka kipete cha kupunguzia, ilhali yenye tundu dogo hukubali Presta tu. Amua kabla ya kununua ringi.

Hatua ya 5: Fremu inayolipokea gurudumu

Sasa fremu ina masharti tayari: upana wa habu, kipenyo cha ringi na upana wa tairi. Pakia tairi lako uangalie: angalau milimita 6 za nafasi kila upande, na bado madigadi yaingie. Tope likikauka hapo utashukuru.

Pima urefu kutoka katikati ya kranki, ile mikono ya pedali, hadi katikati ya ekseli ya nyuma. Chini ya milimita 430 kisigino kitapiga mikoba kila unapokanyaga, kwa hiyo 445 hadi 460 ni raha. Hesabu matundu ya boliti za M5 (unene wa milimita 5) za kufungia keria, nyuma na kwenye foki. Matundu yasipokuwepo, vibano vinavyofungwa badala yake hulegea.

Kuhusu chuma: utaambiwa chuma cha kromoli "hulehemiwa popote". Ni kweli nusu. Mabomba ya fremu nzuri hupungua katikati hadi kama milimita 0.6, na fundi wa mageti mwenye mashine ya kulehemu mabati mazito anaweza kuyatoboa mara moja. Ninachagua chuma kwa sababu hukupa onyo: hupinda au huonyesha ufa kabla ya kuachia. Alumini nene yenye matundu yote ya keria nayo imewafikisha watu mbali.

Sehemu ya kranki, tafuta fremu yenye nyuzi, upana wa milimita 68. Beringi za kusukumiwa bila nyuzi huanza kulia baada ya vumbi na mvua kuingia. Na ukifungua ile yenye nyuzi za Kiingereza, kumbuka upande wa cheni hufunguka kinyume, kama pedali ya kushoto. Wengi wameharibu fremu nzima kwa kukaza walichodhani wanafungua.

Hatua ya 6: Gia, piga hesabu

Gawanya meno ya mbele kwa meno ya nyuma, zidisha na mzingo wa tairi. Jibu ni mita unazosogea kwa kukanyaga mzunguko mmoja.

Baiskeli ya mbio yenye meno 34 mbele na 28 nyuma: 1.21 × 2.2 = mita 2.67. Ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika unaenda karibu kilomita 9.6 kwa saa. Mlima mkali, kilo 115, huwezi. Utashuka usukume. Sasa weka 22 mbele na 34 nyuma: mita 1.42, kilomita 5 kwa saa kwa mwendo uleule wa miguu. Polepole kama mtembezi, lakini umekaa. Kranki ya sproketi tatu, 22, 32 na 44, na kaseti ya 11 hadi 34, inakupa hilo na juu mita 8.8, zinazotosha kushuka huku ukikanyaga. Gia kubwa kuliko hapo ni uzito wa bure. Kwenye mteremko acha baiskeli ijiendee.

Idadi ya sproketi nyuma: 8 au 9. Cheni zake ni pana na zinapatikana kirahisi. Tena kwa vifaa vya kampuni ya Shimano, mikono ya gia 9 ya barabarani hufanya kazi na kibadilisha gia cha milimani cha gia 9. Walipofika gia 10 kiasi cha waya unaovutwa kilibadilika na ndoa hiyo ikavunjika. Mkono wa gia usio na alama, wa kusogeza tu mpaka sauti itulie, hukubali karibu kila kitu, na ndio ulio kwenye baiskeli yangu leo.

Habu ya Rohloff yenye gia 14 ndani ni chaguo la wenye subira na mfuko. Gia yake kubwa ni mara 5.26 ya ndogo, nayo hutaka kubadilishiwa mafuta kila kilomita 5,000. Ule mfumo wa sproketi tatu hapo juu unafika mara 6.2.

Pima cheni kwa rula. Pingili 12 kamili mpya, pini hadi pini, ni milimita 304.8. Zikizidi kwa milimita 1.5, badilisha kabla haijala kaseti.

Hatua ya 7: Breki

Breki ndefu za V hupunguza mwendo vizuri, vipande vyake hupatikana karibu kila mahali, lakini huila ringi. Za diski huiacha ringi salama na hukuruhusu kuendelea hata ringi ikipinda kidogo. Ukichagua diski kwa safari ya mbali, chagua za waya. Za mafuta ni tamu, ila kuna zinazotumia mafuta ya madini na zinazotumia DOT, aina ya mafuta ya breki za magari, na ukikosea huharibu mipira yake ya ndani. Kosa la kawaida zaidi ni breki za V na mikono ya usukani wa mbio: mkono hauvuti waya wa kutosha, na breki inashika nusu.

Hatua ya 8: Kiti, usukani, keria

Kiti hakichaguliwi kwa maandishi ya mtu mwingine. Keti juu ya kadibodi, pima umbali wa alama mbili za mifupa, tafuta kiti kinachoipokea, ukiendeshe mwezi mzima kabla ya safari. Usukani wowote unaokupa mahali patatu pa kuweka mikono unafaa.

Keria iwe ya mabomba ya chuma. Mikoba mizito iwe chini, na sehemu ya mzigo ihamie mbele ili kulipumzisha gurudumu la nyuma. Boliti za keria zipake gundi ya nyuzi, uzikague kila asubuhi kwa wiki ya kwanza.

Hatua ya 9: Kuunganisha na kujaribu

Grisi kwenye nyuzi za pedali, nguzo ya kiti na kila boliti isiyo na gundi. Endesha kilomita 50 bila mzigo, kisha kaza upya boliti za kranki. Endesha tena na mzigo wote, ulale nje usiku mmoja au miwili, urudi. Ukifikisha kilomita 300, nyoosha magurudumu kwa mara ya mwisho, kwani kufikia hapo spoki zimekaa mahali pake.

Halafu andaa mfuko wa akiba: waya wa breki na wa gia, kiungo cha cheni, na kile kipande kidogo cha alumini kinachoshika kibadilisha gia kwenye fremu, kama fremu yako inacho. Kila fremu ina umbo lake, na duka la mji ujao halitakuwa nalo. Kifaa cha kaseti kinakaa chini kabisa ya mfuko. Spoki zimefungwa kwa utepe wa gundi ubavuni mwa bomba la nyuma, mbili za mbele, mbili za kushoto, tatu za upande wa cheni, na kila fungu nimeliandika kwa kalamu ni la upande gani.